Mifupa ya Shakahola Ina Majina, Serikali Iyatafute

Vijana wenzangu, mtu akikaa kaburini miezi mingi hata sura ikapotea, ndugu yake atamjuaje? Wakubwa wamejificha nyuma ya swali hili kana kwamba halina jibu. Jibu lipo.

Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kilifi, walikokuwa wakiishi wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie. Zilitoka maiti 429, wengi wamekufa njaa, watoto wakiwemo. Jamaa walikabidhiwa maiti za kwanza Machi 2024. Karibu mwaka mzima! Na waliotambuliwa kwa DNA kufikia hapo walikuwa 34 tu.

Kazi ni ngumu, tusidanganyane. Joto, unyevu na vijidudu huukatakata uzi wa vinasaba, na vipimo vya kawaida vinataka vipande virefu. Lakini wataalamu walishavuka kikwazo hicho zamani. Vipo vipimo vinavyosoma vipande vifupi. Hutobolewa jino au mfupa wa paja, ambamo vinasaba hudumu kuliko kwenye nyama. Hata hapo pakishindikana, kuna vinasaba vya upande wa mama, ambavyo seli moja huwa na nakala zake mamia. Hivyo havitofautishi ndugu wa tumbo moja, lakini angalau vinataja ukoo.

Mnabisha? Tazameni Bosnia. Mwaka 1995 wanaume na wavulana wapatao 8,000 waliuawa Srebrenica. Wauaji wakarudi na matingatinga, wakahamisha miili ili kuficha ushahidi, hata mifupa ya mtu mmoja ikapatikana katika makaburi tofauti. Tangu 2001 DNA ya mifupa hiyo imekuwa ikilinganishwa na damu ya jamaa, na karibu watu 7,000 wamerudishiwa majina yao. Hiyo ni nchi iliyotoka vitani, jamani!

Siri yao ni jamaa. Mfupa peke yake hausemi jina mpaka apatikane mama, mtoto au ndugu wa kulinganisha naye. Shakahola ziliangamia familia nzima, baba, mama na watoto, kwa hiyo waliobaki ni nyanya na wajomba walio mbali, wengine hawana hata nauli ya kufika Malindi. Unamngojeaje mtu kama huyo ofisini?

Wakati wa kura magari ya serikali hufika hadi kijiji cha mwisho. Yapakieni vijiti vya pamba vya kupangusia shavu, yaende huko huko.