Kutu, Jua na Jiko la Mama



Atokaye Moshi mjini kupanda kuelekea Kibosho hurudi na udongo mwekundu viatuni. Wekundu ule ni wa oksidi za chuma, ndugu wa kutu ya bati kuukuu. Kitu tunachokikung'uta mlangoni ndicho baadhi ya wanasayansi wanachokichunguza kwa matumaini ya kupata nishati isiyo na moshi.

Mwaka 1972 Wajapani wawili, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walieleza kwamba fuwele ya titani dioksidi, ambayo unga wake mweupe hutiwa katika rangi za ukuta, ikizamishwa majini, ikaunganishwa kwa waya na kipande cha platini, kisha ikamulikwa, huyatenganisha maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni ikiwaka hewani hurudi kuwa maji. Lakini titani hiyo hunasa sehemu ndogo tu ya nuru ya jua. Kutu nyekundu hunasa nuru nyingi zaidi, tena ni rahisi kupatikana.

Kikwazo ni nini basi? Ni safari ya kufika usoni. Nuru huamsha chaji za umeme ndani ya kutu, nazo hazina budi kuufikia uso unaogusana na maji. Nyingi hupotea baada ya nanomita chache. Hata zifikazo hukawia, kwa kuwa kutoa oksijeni majini ni kazi ya taratibu. Zikikawia, nazo hupotea. Kwa hiyo wataalamu huitandaza kutu kuwa tabaka jembamba mno, kisha huupaka uso wake kichocheo, kama vile kobalti fosfeti, ili kazi iende haraka.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Elimu hii ya kutu ingali maabara. Baba, usiingoje wakati mama watoto anakohoa mbele ya mafiga. Anza na uliwezalo leo: gesi au umeme, ukikosa, kuni kavu na dirisha wazi.

Na binti akiomba ada ya masomo ya ziada ya kemia, usimwambie kemia haipikwi. Huenda ikapikiwa.