Pezi Linalocheza Lisifichwe kwa Gundi



Wiki iliyopita alinijia binti wa jirani yangu, bibi harusi wa mwezi ujao, kakumbatia ubao wa mawimbi kwapani kama aliyebeba mkeka. Kaununua mtumba kwa pesa yake, kutoka kwa mtu aliyekuwa akihama kisiwani. Anajifunza alfajiri na wenziwe, wanawake watupu, na nguo zao za stara, na mchumba wake anajua na ameridhia. Shida ni moja: pezi la nyuma linacheza. Muuzaji alimwambia, "Likaze tu, halina neno." Akaja kuniomba supaglu.

Nikamwambia, mwanangu, kaa kitako kwanza. Ubao wangu wa mwanzo niliumaliza mwenyewe kwa supaglu hiyo hiyo.

Pezi kwa ubao ni kama mkuku na usukani kwa chombo. Zamani mbao hazikuwa nalo. Mmarekani Tom Blake ndiye anayetajwa kulifunga la kwanza, mwaka 1935. Bila pezi ubao huteleza ubavu na hukutii. Likichomoka ukiwa juu ya wimbi, unaanguka usipotaka, na pengine chini yako ni mwamba. Kwa hiyo pezi linalocheza si jambo la kupuuza, wala si la kupapasa.

Tuliupindua ubao, mapezi juu, tukaulaza juu ya mkeka. Shika pezi kwa vidole viwili, lisukume kushoto na kulia taratibu. Macho yako yasitazame ncha, yatazame shina. Jiulize: kinachocheza ni pezi ndani ya kisanduku chake, au ni kisanduku chenyewe ndani ya ubao?

Kama kisanduku kimetulia na pezi pekee linacheza, shukuru. Mara nyingi ni skrubu imelegea. Mbao nyingi za siku hizi hutumia ufunguo mdogo wa pembe sita, wa inchi 3/32. Toa skrubu, osha mchanga na chumvi kwa maji baridi, rudisha pezi mpaka likae sawasawa, ndipo ukaze. Kaza mpaka ligome, basi. Anayekaza kwa hasira huvunja meno ya skrubu au hupasua plastiki. Skrubu ikizunguka bila kushika, nunua nyengine. Ni kitu kidogo. Ikiwa hata mpya haishiki, meno ya kisanduku yamekwisha. Na kama skrubu zote ni nzima lakini pezi bado linacheza, huenda si pezi la kisanduku kile, kwani aina zake haziingiliani zote.

Lakini kama kisanduku chenyewe kinacheza, skrubu haitakusaidia. Tazama pembezoni mwake kama kuna nyufa nyembamba kama unywele. Bonyeza kwa kidole gumba. Ukiona tone la maji, ujue bahari imeshaingia ndani.

Kwenye ubao wa binti yetu palikuwa na stika nzuri ya maua kando ya kisanduku. Tuliibandua. Chini yake ufa. Tulipobonyeza, maji yakatoka.

Ubao wa namna hii hauingii baharini tena mpaka utengenezwe. Toa pezi, usimamishe kivulini wenye upepo, ukauke siku kadhaa. Jua kali huuvimbisha na kuubandua ngozi. Kisha mpelekee fundi anayejua faiba, akitoe kisanduku na kukijengea upya. Muulize jambo moja: ndani yake ni povu la aina gani? Povu jeupe la punje punje, kama la maboksi ya samaki, linataka epoksi. Resini ya poliesta ya kawaida hulila likayeyuka. Supaglu hushika juu juu tu, maji yakabaki yamefungiwa ndani, na wewe ukadhani umepona.

Binti alinyamaza, kisha akasema, "Bi mkubwa, basi na mimi nirudishe stika, nimuuzie mwengine. Nina harusi, sina pesa ya fundi."

Hapa ndipo ninapotaka kusema nanyi, dada zangu. Mtume wetu (s.a.w.) alipita sokoni kwenye rundo la chakula, akatia mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye mali akajitetea kwamba ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka juu watu wakauona, na akawakana wadanganyifu. Stika ile na rundo lile vina tofauti gani? Hapa kibaya zaidi, kwani anayenunua ataweka roho yake juu yake. Sheria yetu inampa mnunuzi haki ya kurudisha kitu akikuta aibu aliyofichwa. Nikamwambia amtafute muuzaji kwanza. Akishindwa, auuze kwa bei ya ubao mbovu, na ufa auoneshe kwa kidole chake.

Akalia. Si kwa ajili ya ubao. Alikuwa na deni la kikoba alilolikopa kwa matayarisho, na mchumba hajui. Somo wake alimwambia atalisema baada ya fungate. Ameniruhusu niandike haya bila jina lake.

Mimi sikubaliani na somo huyo, kwa heshima zote. Najua kuna kusitiriana, na dhambi ambayo Mungu ameisitiri si ya kutangaza. Lakini deni linalotoka kwenye mfuko wa nyumba si siri ya mtu mmoja. Ni ufa unaoingiza maji. Likisemwa leo ni kazi ya skrubu. Likigunduliwa na yeye mwenyewe baada ya mwaka, mtalazimika kung'oa kisanduku kizima, na povu limeshalowa.

Alimwambia Ijumaa, mbele ya shangazi yake. Mchumba alikaa kimya siku mbili, na siku mbili zile zilikuwa ndefu. Kisha akarudi na daftari, wakapanga kulipa kidogo kidogo, na wakapunguza sherehe. Muuzaji wa ubao bado hajapokea simu. Ubao umesimama kivulini ukumbini kwangu, stika imetupwa.

Allah atujaalie wakweli katika biashara zetu na ndoa zetu. Amin.