Tusivushe Wachezaji kwa Njia ya Panya

Ndugu msomaji, wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nimeficha jambo moja kwa miaka miwili, na leo nimeonelea nilitoe mbele ya wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, maana gazeti letu hutoka mara moja tu kwa mwaka, na mwakani sitakuwepo.

Sisi watu wa Busia na Malaba hatuhitaji kufunzwa maana ya njia ya panya. Sukari hupita huko, mafuta hupita huko, hata mayai kwa trei. Kituo cha pamoja cha mpakani pale Busia kilifunguliwa rasmi na marais wawili mwaka 2018, lakini panya hawakulisikia tangazo hilo. Ndio sisi pia tulioipa dunia bodaboda, zile baiskeli zilizokuwa zikivusha watu na mizigo kutoka boda ya huku hadi boda ya kule. Basi iko bidhaa nyingine inayovushwa, na hiyo hakuna anayeiulizia ushuru. Bidhaa hiyo ni mchezaji.

Kwa lugha ya viwanjani huitwa mamluki. Neno hili tumelitoa katika Kiarabu, na asili yake ni mtu anayemilikiwa na mwenzake. Baadaye likawa jina la askari wa kukodiwa, na sasa sisi wanafunzi tunamwita hivyo mchezaji anayeletwa shuleni kucheza bila kusoma. Tunalitamka huku tukicheka. Mimi siku hizi silicheki tena, na nitaeleza kwa nini.

Mwaka 2023 nilikuwa Kidato cha Pili katika shule nyingine, ambayo sitaitaja kwa sababu haya si mashtaka. Nilikuwa kiongozi wa mashabiki. Ngoma ilikuwa yangu, filimbi yangu, na nyimbo nilitunga mwenyewe usiku wakati wa prep badala ya kufanya hesabu. Timu yetu ya kandanda ilikuwa imeshinda katika zoni na katika kaunti ndogo. Mbele yetu palikuwa na kaunti, kisha mkoa wa Magharibi, kisha taifa, na mwisho michezo ya shule za Afrika Mashariki, ambayo mwaka huo ilifanyika Huye, Rwanda. Bwenini hatukuzungumza lingine. "Jamaa, tutapanda basi mpaka Rwanda!" Hata wasiojua kupiga mpira walishaanza kutafuta mabegi.

Jirani yangu wa dawati alikuwa mshambulizi wa timu hiyo. Alikuwa mtoto wa mjane kutoka vijiji vya Matayos, kijana mpole, na njumu zake alizishona kwa uzi wa nailoni. Wiki tatu kabla ya mashindano ya kaunti, aliletwa kijana mmoja usiku kwa pikipiki kutoka upande wa Malaba. Tuliambiwa ni mwanafunzi mpya wa Kidato cha Nne. Hakuwa na sanduku wala vitabu, alikuwa na mfuko wa plastiki na njumu nzuri sana. Kwa kuwa hakuwa na sare, niliambiwa nimwazime sweta langu. Nilimpa kwa furaha, maana nilishamwona akipiga danadana.

Asubuhi yake orodha ya timu ilibandikwa, na jina la jirani yangu halikuwemo. Alilitafuta mara mbili kwa kidole, halafu akarudi darasani akakaa. Nikamwambia, "Bwana, vumilia, ni kwa ajili ya shule." Akanijibu, "Kwani mimi ni wa shule gani?"

Sikuwa na jibu, ila nilikuwa na ngoma, na ngoma hufunika mengi.

Yule kijana mgeni, ndugu msomaji, hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alikuwa Mteso wa ng'ambo, na tulisalimiana "Yoga" kila asubuhi kama majirani. Darasani hakuingia zaidi ya mara nne. Jioni moja tukiteka maji aliniuliza, "Kaka, hapa mtihani wa Kidato cha Nne tunasajiliwa lini?" Alikuwa ameahidiwa kwamba atasajiliwa na kulipiwa kila kitu. Hiyo ilikuwa katikati ya muhula wa pili. Mimi nilijua, kama kila mwanafunzi alivyojua, kwamba usajili ulifungwa zamani. Nilimjibu nini? "Muulize mwalimu." Kisha nikaenda kufanya mazoezi ya nyimbo.

Tulishindwa katika nusu fainali ya kaunti, mabao mawili kwa moja. Bao letu alifunga yeye. Keshoye asubuhi alipewa nauli ya pikipiki, na hatukumwona tena. Aliondoka na sweta langu.

Sasa hebu tuulizane, jambo hili hutokeaje? Sababu ya kwanza ni tofauti ya mifumo ya elimu. Wenzetu wa Uganda husoma sekondari miaka sita, S1 mpaka S6. Sisi mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulituondolea vidato vya tano na sita. Kwa hiyo kijana aliyekwisha kumaliza S4, au hata aliye S5, anaweza kuingizwa Kidato cha Tatu hapa na asionekane wa ajabu, ingawa ana miaka na misuli zaidi ya wenzake. Sababu ya pili ni sifa. Kombe likiwekwa ofisini huonekana na kila mgeni, lakini mtoto aliyeondolewa timuni haonekani. Sababu ya tatu ni sisi mashabiki, wa ndani na wa nje. Kulikuwa na mzee mmoja mwenye duka aliyekuwa akiifadhili timu yetu kwa soda na mikate. Siku moja alituambia, "Vijana wangu, kombe ni kombe. Jina huandikwa kwenye kombe, haliandikwi kwenye rejista." Tulimpigia makofi.

Usidhani ni sisi peke yetu. Mwaka 2017 timu ya taifa ya Congo Brazzaville iliondolewa katika fainali za Afrika za vijana wasiozidi miaka 17, baada ya kushindwa kumpeleka mchezaji mmoja akapimwe umri kwa mashine. Nafasi yao ilichukuliwa na Serengeti Boys wa Tanzania, waliokwenda Gabon. Kule Marekani, mwaka 1987, Chuo Kikuu cha Southern Methodist huko Texas kilifutiwa msimu mzima wa mpira wao wa miguu na mikono. Sababu ilikuwa wafadhili matajiri waliokuwa wakiwalipa wachezaji kwa siri, na wakubwa wa chuo wakijua. Miaka imepita, na kanuni zao zimelegea. Tangu mwaka 2021 mchezaji wa chuo huko ameruhusiwa kuchuma kwa jina na sura yake, na tangu mwaka 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kumlipa. Lakini jambo moja halikulegezwa: ni lazima mchezaji awe mwanafunzi aliyesajiliwa na anayesoma. Ikiwa wenye mabilioni ya dola bado wanadai hilo, sisi tunaocheza kwa soda na mikate tunashindwa na nini?

Hapa ndipo nataka tusikosee njia. Wako wenzangu ambao dawa yao ni moja tu: "Waganda wasiruhusiwe kucheza." Nami nasema hapana, tena hapana kubwa. Mpaka huu ulichorwa na wageni. Hadi mwaka 1902 nchi yetu hii, kwenda mbele mpaka Naivasha, ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Wateso wako pande zote mbili, na Wasamia vilevile. Kuna mtoto ambaye nyanya yake analala Uganda na shamba lao la mihogo liko Kenya. Kuna watoto wanaovuka kila asubuhi na vitabu mkononi kuja kusoma huku, na wapo wetu wanaokwenda kusoma kule.

Katika muhula uleule tuliokwenda kushangilia mabao ya kijana wa kuazimwa, timu yetu ya wasichana ilicheza netiboli na shule jirani. Wao walikuwa na mfungaji mrefu ambaye Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya ng'ambo. Mimi nikaanzisha wimbo wa kumwambia arudi kwao. Mashabiki mia mbili waliitikia. Msichana yule alikosa mara tatu mfululizo, akaanza kulia, akatolewa nje, nasi tukashinda. Jioni mwalimu mmoja wa shule yao alinijia akaniambia kwa upole, "Kijana, huyo amesoma huku tangu darasa la kwanza. Mama yake anauza samaki soko la Busia. Huvuka naye alfajiri." Ndugu msomaji, upande wangu ulikuwa na mamluki wa kweli ninayemshangilia, na nilimtukana mwanafunzi wa kweli kwa sababu ya ulimi wake. Ushindi ule mpaka leo haujashuka kooni.

Basi mamluki si Mganda. Mamluki ni mchezaji asiye na dawati, awe ametoka Tororo, awe ametoka Bumala, awe ametoka Nairobi. Kwa msingi huo napendekeza kanuni hizi, zianze na shule zetu wenyewe bila kungoja wakubwa wa michezo.

Kwanza, kila mchezaji athibitishwe kwa rejista ya darasa tangu muhula wa kwanza, na anayetia sahihi awe mwalimu wa darasa, asiwe kocha. Rejista hiyo pamoja na cheti cha kuzaliwa vionyeshwe kwa wapinzani kabla ya filimbi. Atazamwe kila mchezaji, si mwenye lafudhi tu.

Pili, shule ikishampokea mchezaji imweke mpaka afanye mtihani wake, timu ishinde au ishindwe. Leo kanuni zinasema timu iliyochezesha asiyestahili iondolewe mashindanoni, na hilo ni sawa. Lakini baada ya hapo wakubwa hurudi ofisini na kijana hurudi barabarani. Adhabu iwaangukie waliomwita, kijana abaki na dawati lake.

Tatu, mfadhili anayetaka kusaidia apeleke mchango wake kwa mweka hazina wa shule apewe risiti. Anunue mipira, alipe nauli, akipenda alipie karo mtoto maskini hadharani. Asimpe mchezaji pesa nyuma ya choo, wala asipange orodha ya timu.

Nne, sisi mashabiki tuimbe tutakavyo kuisifu timu yetu, lakini tusiguse kabila la mtu, nchi yake, umbo lake wala wazazi wake. Tusiingie uwanjani, tusimfuate refa. Kiongozi wa nyimbo ajulikane kwa jina, na wimbo wa matusi ukisikika aulizwe yeye. Ndiyo, hata mimi ningeulizwa.

Tano, mwenye shaka juu ya mchezaji amwambie nahodha, nahodha amwambie mwalimu, iandikwe barua kabla ya mchezo. Shaka isiyoandikwa isigeuzwe wimbo.

Najua mtanijibu, "Wewe, kila shule inafanya hivyo. Tukiacha peke yetu tutapigwa mabao sita." Huenda tukapigwa kweli. Lakini aliyefungwa mabao sita na wanafunzi wake hurudi kesho akajifunza, na aliyeshinda kwa mguu wa kuazima akirudishiwa mguu wenyewe hubaki kiwete. Wengine husema, "Si anasaidika kupata elimu?" Hapo sina ugomvi. Akiletwa asome, na acheze pia, huo ni msaada, na kipawa chake kimemfungulia mlango. Ndiyo maana nikauliza habari ya dawati. Yule wetu hakupewa elimu, alipewa ahadi.

Michezo ya Afrika Mashariki ilikuja karibu nasi, Mbale mwaka 2024 na Kakamega mwaka 2025. Tumekwisha kuona kwamba si ndoto ya mbali tena. Jirani yangu wa dawati angeweza kuiota. Baada ya ile orodha hakugusa tena mpira, na njumu zake zenye uzi wa nailoni alimpa mdogo wake. Nilimwomba radhi mwaka huu kwa barua. Alinijibu kwa mistari mitatu, akasema yamepita.

Yule wa ng'ambo sijui anwani yake, kwa hiyo namwombea radhi hapa. Nilipoulizwa swali pale bombani nilijua jibu, na nikanyamaza kwa sababu nilitaka bao. Sweta silidai. Shime, wenzangu mnaobaki, mwakani mkiletewa mgeni usiku, kabla ya kumtungia wimbo mwulizeni mwalimu wa darasa kama ameshapewa dawati.