Uliza kwanza: kivinjari hiki kimesasishwa lini?

Biashara ya mpakani siku hizi haiendeshwi kwa daftari na ahadi za mdomo peke yake. Mfanyabiashara wa Mabanda anayeleta mchele kutoka Kigoma hupatana bei kwa ujumbe wa simu, hupokea ankara kwa barua pepe, na huchapisha karatasi zake kwenye kibanda cha kompyuta kabla ya kufika Mugina. Sisi tuliorejea kutoka uhamishoni nasi tumeingia humo humo. Vyeti vya shule, kadi za kliniki na barua za makazi tulikolelewa tumevipiga picha na kuvihifadhi kwenye barua pepe, maana tunajua kuwa karatasi ikipotea njiani hairudi.

Mambo yote hayo hupita mlango mmoja. Mlango huo ni kivinjari, yaani programu tunayofungulia kurasa za intaneti, iwe Chrome, Firefox, Edge au Safari. Tunafunga maduka yetu kwa kufuli mbili, lakini mlango huu tunauacha wazi. Naona wakati umefika kwa kila mteja kuuliza kivinjari kimesasishwa lini kabla hajaandika neno lake la siri, na kwa kila mwenye kibanda kuwa na jibu.

Ndugu msomaji, kivinjari si jembe ambalo ukishalinunua limekwisha. Ni maelekezo mengi mno yaliyoandikwa na binadamu, na kazi ya binadamu haikosi makosa. Kila kosa ni ufa. Watengenezaji wakiugundua, huuziba na kutoa toleo jipya. Lakini siku wanapotangaza kuwa wameuziba, mwizi naye anasoma tangazo hilo. Kuanzia hapo anajua ufa uko wapi kwa yeyote ambaye hajasasisha. Ndiyo maana kivinjari kilichoachwa kinazidi kuwa hatari kila wiki inayopita, ingawa kwa macho kinaonekana ni kile kile cha jana.

Mfano ni wa Septemba 2023. Uligunduliwa ufa katika namna vivinjari vinavyosoma picha za aina ya WebP, ambazo zimejaa kwenye intaneti. Picha moja iliyotengenezwa kwa ujanja ilitosha kumfungulia mlango mshambuliaji, na wezi walikuwa wameshaanza kuutumia ufa huo. Chrome, Firefox na Edge zilitoa viraka ndani ya siku chache. Aliyesasisha alipona hata bila kujua kulikuwa na hatari. Ambaye hakusasisha alibaki na ufa ambao sasa ulijulikana dunia nzima. Tangu Agosti 2023, Google hutoa viraka vya usalama vya Chrome kila wiki. Basi kompyuta ambayo haijasasishwa kwa mwezi mmoja imekosa viraka vya wiki nne. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Najua jibu la wenye vibanda, kwa sababu nimelisikia mara nyingi ninapopeleka mitihani ya wanafunzi wangu kuchapishwa. Wanasema bando ni ghali, na kusasisha kunakula bando. Hoja hiyo siidharau. Lakini tuangalie nani analipa. Anayeokoa bando ni mwenye kibanda, na anayeibiwa neno la siri ni mteja. Mama mmoja jirani yetu, muuza mawese, aliibiwa barua pepe yake. Wezi wakamwandikia mteja wake wa ng'ambo ya pili kwa jina lake, wakampa namba mpya ya kupokelea malipo. Fedha zikaenda kwa wezi, mama akabaki na deni, na mteja akabaki na hasira. Siwezi kuapa mlango uliotumika ulikuwa upi. Ninachojua ni kwamba kompyuta aliyokuwa akiitumia ilikuwa na kivinjari cha miaka iliyopita, na ndani yake viendelezi saba ambavyo hakuna aliyekumbuka vilivyoingia.

Hapo kwenye viendelezi pana jambo la pili. Kiendelezi ni programu ndogo inayopachikwa kwenye kivinjari ili kiongeze kazi: kupakua video, kutafsiri maneno, kuzuia matangazo. Vingi vinapopachikwa huomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha unachokiona kwenye tovuti zote. Tafsiri yake ni kwamba vinaweza kuona barua pepe yako na kile unachoandika. Ni sawa na kumpa mgeni ufunguo wa nyumba kwa sababu tu amekuja kukutengenezea taa.

Na mgeni mwema leo si lazima awe mwema kesho. Kiendelezi kiitwacho The Great Suspender kilipendwa na watu zaidi ya milioni 2 kwa sababu kilipunguza uzito wa kompyuta. Mwaka 2020 mwenyewe alikiuza kwa mtu asiyejulikana. Februari 2021 Google ilikiondoa ikisema kina programu hatari ndani yake. Desemba 2024 mfanyakazi wa kampuni ya usalama ya Cyberhaven alidanganywa kwa barua pepe ya uongo, na wezi wakapachika toleo bovu la kiendelezi cha kampuni hiyo, likawafikia watumiaji lenyewe. Ikiwa kampuni ya usalama imeingiliwa, sembuse kiendelezi kisicho na mwenyewe kwenye kibanda chetu?

Sisemi viendelezi vyote vifutwe. Kizuia matangazo kizuri kama uBlock Origin hupunguza kurasa za utapeli, na pia huokoa bando kwa sababu matangazo hayapakuliwi. Toleo lake kamili linafanya kazi kwenye Firefox. Kwenye Chrome, baada ya kanuni mpya za Google, limebaki toleo jepesi. Vingine muda wake umepita. HTTPS Everywhere, ambacho zamani kilisifiwa sana, kilistaafishwa Januari 2023 kwa sababu vivinjari vyenyewe sasa vina uwezo huo. Kanuni iwe moja: kiendelezi usichokijua kazi yake, kiondoe leo.

Lipo pia suala la kompyuta za mitumba. Nyingi zinazotufikia kutoka Dar es Salaam bado zina Windows 7. Chrome iliacha kutoa matoleo mapya kwa Windows 7 tangu Februari 2023. Kompyuta hizo hazipaswi kuingizwa neno la siri la mtu yeyote. Lakini si lazima zitupwe. Mfumo wa Linux Mint au Ubuntu hupatikana bila malipo, na huja na Firefox inayosasishwa. Mashine ambayo ni nzito kwa Windows mpya mara nyingi hutembea vizuri kwa Linux Mint. Kijana mwenye flashi na mchana mmoja anaweza kuiwekea. Internet Explorer, ile herufi ya bluu tuliyoizoea, Microsoft iliistaafisha Juni 2022. Flash nayo ilikufa mwisho wa mwaka 2020. Ukurasa unaokudai uweke Flash leo ni wa kukimbia.

Kusasisha kwenyewe si elimu ya chuo kikuu. Kwenye Chrome bonyeza vile vitone vitatu juu kulia, nenda sehemu ya msaada, kisha sehemu inayoeleza kuhusu Chrome. Kwenye Firefox anza na vile vistari vitatu. Kivinjari kitajitafutia toleo jipya chenyewe. Halafu kifunge na ukifungue upya, kwa maana kiraka kilichopakuliwa hakifanyi kazi mpaka kivinjari kianze upya. Wengi wanakwama hapo, kwani vibandani kivinjari kinaachwa wazi siku nyingi. Na ukurasa ukikupigia kelele katikati ya kazi kwamba kivinjari chako kimezeeka na ubonyeze hapo, usibonyeze. Sasisho la kweli hutoka ndani ya kivinjari chenyewe au duka la programu la simu yako. Hiyo ya kelele ni mtego.

Mimi nilisomea Ulyankulu, mkoani Tabora, na nilirejea mwaka 2009. Tulifika watu wengi ambao ushahidi wao wote wa maisha ulikuwa kwenye bahasha moja ya plastiki, na tuliilinda bahasha ile kuliko fedha. Leo bahasha imehamia kwenye barua pepe. Inasikitisha kuona tunaifungua kwenye kompyuta ya mtu tusiyemjua bila kuuliza swali hata moja.

Wenye vibanda waandike ukutani, karibu na bei ya kuchapisha, tarehe ya mwisho waliyosasisha. Wakipenda waongeze bei kidogo kufidia bando. Nadhani wateja wataelewa. Sisi walimu tuwafundishe wanafunzi namna ya kukagua, kwa kuwa wao ndio wanaowaandikia wazazi wao barua pepe. Nawe mfanyabiashara, unayekagua kila gunia la mchele kabla ya kulilipia, kagua na kompyuta kabla ya kuiamini. Mwenye kibanda akikosa jibu, kibanda cha pili hakiko mbali.