Nani atapiga kengele?

Siku ya Alhamisi, tarehe 4 Mei 2023, ilikuwa siku ya soko kule Nyamukubi, katika Kalehe, kando ya ziwa Kivu. Watu wanauza, watu wananunua. Mvula kubwa ikapiga milima iliyo juu ya kijiji, mito ikajaa, na maji yakashuka pamoja na matope, miti na mawe makubwa, yakaikumba Nyamukubi na kijiji cha Bushushu pia. Maiti zaidi ya 400 zilipatikana. Wengine kwa maelfu walitafutwa bila kuonekana. Tarehe 8 Mei inchi yote ilifanya siku ya matanga.

Nasi tulilia pamoja na wafiwa, wala hatuoni haya kwa machozi yale. Lakini matanga yalikwisha zamani, na kuna neno moja ambalo halikusemwa kwa sauti ya kutosha. Basi tunalisema, hata kama litachukiza wakubwa ao wadogo: mvula haiwezi kuzuiwa, lakini watu wengi namna ile hufa kwa sababu ya kimya. Maji yanashuka kutoka mlimani, na habari haishuki pamoja nayo. Tumezoea kimya hicho, na tunakitetea kwa masingizio. Tuyatazame moja moja.

Singizio la kwanza tunalisikia kaburini: «Ni mapenzi ya Mungu.» Ndugu wasomaji, tuangalie sana tusimtwike Mungu mzigo wetu. Katika Injili ya Luka tunakumbushwa wale watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, na Bwana alikataa kwamba walikuwa wenye zambi kuwapita wengine. Na Noa, alipoonywa juu ya garika, hakukaa kitako akisema yatakayokuja yaje, alishika shoka. Mtu anayesema «mapenzi ya Mungu» kabla hajauliza kama watu walionywa, anamsingizia Mungu kosa la wanadamu. Mfiwa akisema hivyo, tumwache, maana moyo wake umevunjika. Lakini mkubwa akisema hivyo mbele ya makaburi, ajue kwamba anajificha.

Singizio la pili: «Hakuna aliyejua.» Hilo si kweli hata kidogo. Katika mwezi wa Oktoba 2014, katika Kalehe ile ile, mafuriko yaliharibu nyumba zaidi ya 700, na watu zaidi ya 130 walihesabiwa kuwa hawaonekani. Katika mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulipasua muji wa Uvira, ukaua watu zaidi ya 40 na kuwaacha wengine kwa maelfu bila nyumba. Na katika usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, siku moja tu kabla ya soko la Nyamukubi, mvula kubwa iliua watu zaidi ya 130 katika Rwanda, wengi wao upande wa magaribi, yaani ng'ambo ya ziwa lile lile. Habari hiyo ilitangazwa kwa radio. Hatusemi kwamba mvula ya Rwanda ni lazima ivuke ziwa. Tunasema kwamba majira ni yale yale, milima ni ya namna ile ile, udongo ulikuwa umekwisha kushiba maji. Na nyumba ya jirani ikiungua, mwenye akili anatazama paa lake.

Hata kama radio ingenyamaza, udongo wenyewe unasema. Tazama pahali tambarare palipo kati ya mlima na ziwa, kwenye mdomo wa mto, ambapo tunapenda kujenga na kuweka soko. Nani aliyesawazisha pale? Ni mto wenyewe, kwa kumwaga mchanga na mawe, garika juu ya garika, tangu zamani za mababu. Ukichimba msingi wa nyumba na kukuta mawe ya mviringo, ujue kwamba hayakuzaliwa pale. Yaliletwa, na yaliyaleta maji, na maji yanakumbuka njia yao.

Na baada ya Kalehe, tulijifunza? Katika usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Mei 2025, mto ulishuka juu ya kijiji cha Kasaba, katika Fizi, kando ya ziwa Tanganyika. Watu walikuwa wamelala. Walihesabiwa wafu zaidi ya 100. Miaka miwili ilikuwa imepita, na mwezi ulikuwa ule ule wa Mei.

Singizio la tatu: «Maji yalikuja gafula, hapakuwa na nafasi ya kuonya.» Hapo tusimame kidogo, maana ndipo penye shina la neno. Ni kweli kwamba mafuriko ya namna hii hayangoji siku wala saa nyingi. Mvula inapiga mlima mkali ambao miti yake imekatwa kwa makala na kwa mashamba. Udongo hauwezi kunywa maji, nayo yanakimbilia bondeni yote kwa mara moja. Huku chini pengine jua linawaka, na watoto wanaoga mtoni. Lakini kule juu kuna mtu. Kuna mchungaji wa mbuzi, kuna mama katika shamba la mihogo, kuna mwalimu katika shule ya mlimani. Yeye anaona mto unavyojaa kabla haujafika sokoni. Dakika zile ni chache, lakini miguu ya mtoto inahitaji dakika chache tu kupanda kilima cha kando.

Na dalili zipo, wazee wanazijua. Maji yaliyokuwa safi yanageuka gafula kuwa mekundu ya udongo, tena yanachukua majani na matawi. Mto unatoa mngurumo, maana mawe yanagongana chini yake. Na iliyo mbaya kupita zote: mvula inanyesha, lakini mto unapungua. Wajinga wanafurahi. Kumbe mlima umeporomoka kule juu na kuziba njia, na maji yanajikusanya nyuma ya kizuizi mpaka kipasuke. Mwenye kuona mojawapo ya dalili hizo asingoje amri ya mtu. Apige kelele, akimbilie pembeni na juu, asifuate mto, asivuke daraja, asirudie nguo wala feza. Maji ya mbio yakifika magotini tu, yanaweza kumwangusha mwanaume mwenye nguvu.

Sasa tunauliza kila msomaji: katika kijiji chako, yule mtu wa mlimani anajua ampigie nani simu? Na yule wa chini, akipokea habari, ana ruhusa ya kupiga kengele ya kanisa? Ana ufunguo? Watu wakiisikia, watajua kwamba ni mto, ao watafikiri kwamba ni Misa? Kama huwezi kujibu, basi kijiji chako hakina onyo, hata kama kina simu 1,000.

Singizio la nne: «Sisi ni maskini; mambo hayo ni ya inchi tajiri.» Tutazame basi inchi tajiri. Tarehe 4 Julai 2025, katika jimbo la Texas, Marekani, mto Guadalupe ulifurika usiku. Watu zaidi ya 130 walikufa katika mafuriko ya siku zile, na kati yao walikuwamo wasichana wadogo waliokuwa kambini kwa likizo. Watu wa hali ya hewa walikuwa wametoa onyo usiku ule, tena mapema. Lakini katika wilaya iliyopigwa zaidi, wakubwa walikuwa wamezungumza kwa miaka juu ya kuweka ving'ora kando ya mto, na havikuwekwa, garama iliwashinda. Chini zaidi ya mto ule ule, muji mdogo uitwao Comfort ulikuwa na king'ora cha wazima-moto wa kujitolea. Kilipigwa, watu wakaondoka, na katika Comfort hakufa mtu.

Kisha tutazame maskini. Tufani ya mwaka 1970 iliua watu laki nyingi katika inchi inayoitwa leo Bangladesh. Tangu miaka ile, watu wa vijijini walichaguliwa na kufundishwa. Wanapita kwa miguu ao kwa baiskeli, wakishika bendera na vipaza sauti, wakiwaonya majirani. Leo wanapita 70,000. Walijenga pia nyumba imara za kukimbilia. Tufani zinakuja bado, tena kali, lakini hazizoi tena watu kwa laki. Bangladesh haikungoja kuwa tajiri ndipo ianze. Basi umaskini si jibu. Kengele tunazo. Pasipo kengele, katika mashule mengi kuna chuma cha gurudumu la gari kilichotundikwa mtini, na fimbo ya kukipigia. Wazee wetu walipeleka habari kwa ngoma tangu kilima mpaka kilima. Sisi, wenye simu mfukoni, tunashindwa?

Singizio la tano: «Hiyo ni kazi ya Leta.» Ndiyo, ni kazi ya Leta, na hatutaki kuisamehe. Kinshasa kuna ofisi ya hali ya hewa inayoitwa METTELSAT. Tunauliza: habari zake zinamfikia mama anayeuza samaki kando ya ziwa, kwa luga anayoifahamu, kabla ya mvula? Katika mwaka 2022 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba mpaka mwisho wa mwaka 2027 kila mtu duniani alindwe kwa maonyo ya mapema. Maneno hayo ni mazuri, lakini neno lililosemwa katika mkutano wa mbali halimwamshi mtu aliyelala Kasaba. Na wale wanaopokea kodi ya soko, mbona kodi haikosi mkusanyaji, na mto unakosa mlinzi? Baada ya msiba wakubwa wanafika na blanketi na unga. Asante kwa blanketi. Lakini kengele ingekuwa na bei ndogo kuliko masanduku ya wafu.

Lakini tukiisha kuisema Leta, tusikunje mikono. Katika Kivu utawala mara nyingi hubadilika kwa nguvu za bunduki, na mto haungoji bunduki zinyamaze. Kijiji ni chetu, watoto ni wetu.

Wengine wanawalaumu wafu: «Mbona walijenga pale? Mbona hawakuhama?» Maneno ya mtu aliyeshiba! Wengi walishuka kando ya ziwa kwa kukimbia vita vya milimani. Barabara iko pale, soko liko pale, samaki wako pale. Kumwambia mtu ahame bila kumwonyesha pa kwenda ni kumzarau. Siku pa kwenda patakapopatikana, na wahame. Mpaka siku hiyo, haki yao ya kwanza ni kuamshwa.

Tunajua pia mtakavyosema: «Tukipiga kengele na mto usije, watu watatucheka.» Wacheke! Mara moja, mara mbili, watu watapanda kilima usiku, watalowa, watarudi wakinung'unika. Anayenung'unika yuko hai. Mpiga kengele asitukanwe kwa kukosea. Atukanwe yule aliyeona maji mekundu akaenda kulala.

Basi tunataka nini? Watu wawili kwa kila mto, mmoja juu na mmoja chini, wenye simu, na majina yao yajulikane kwa wote. Mlio mmoja wa kengele usiofanana na mlio wa Misa, wala wa shule, wala wa kifo. Njia ya kukimbilia, iliyofyekwa na kuonyeshwa watoto. Kwa kila mzee asiyeweza kutembea, kijana mmoja wa kumbeba. Na siku moja ya kujizoeza kabla ya mvula. Hakuna hata kimoja hapo kinachongoja feza ya Ulaya.

Mvula za Kivu hurudi katika mwezi wa Septemba. Jumapili ijayo, baada ya Misa, simama mbele ya kanisa uwaulize wenzako: mto ukishuka usiku huu, nani atapiga kengele? Kama wanatazamana bila kujibu, msitawanyike. Kaeni pale pale mpaka jina la mtu limepatikana.