Chuo Kikifungwa, Jina Lake Hubaki na Nani?



Thamani ya jina la chuo haipimwi siku ya uzinduzi, wakati bango lingali linanuka rangi na mgeni rasmi amekata utepe. Hupimwa siku lango linapofungwa. Majengo huuzwa, walimu hutawanyika, vitabu hugawiwa vyuo vingine. Mhitimu hubaki na karatasi moja, na juu ya karatasi hiyo pana jina. Jina hilo ndilo litakalojibu maswali ya mwajiri kwa miaka thelathini ijayo, huku mwenye jina hayupo tena.

Nimelifikiria jambo hili kwa muda, na mfano unaonijia kwanza uko mbali na kwetu. Katika jimbo la Illinois, Marekani, kuna mji mdogo uitwao Lincoln. Mji huo ulipewa jina hilo mwaka 1853, wakati Abraham Lincoln alikuwa wakili tu, hajawa rais. Inasimuliwa kwamba aliuzindua mwenyewe kwa kumimina maji ya tikiti. Tarehe 12 Februari 1865, siku yake ya kuzaliwa, pakaanza kujengwa hapo chuo kidogo cha binafsi kilichobeba jina lake naye angali hai. Miezi miwili baadaye aliuawa. Chuo kiliendelea. Kiliungua moto mwaka 1912, kikapita homa kuu ya 1918, mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 na vita viwili vya dunia. Kisha likaja janga la korona, na Desemba 2021 wahalifu wa mtandaoni wakaifunga mifumo yake ya kompyuta. Mifumo iliporejea, hesabu zilionyesha upungufu mkubwa wa wanafunzi na fedha. Tarehe 13 Mei 2022 Lincoln College ikafunga milango yake, baada ya miaka 157.

Sasa mtazame mhitimu wake. Akisema, “Nilisoma Lincoln,” ni Lincoln ipi? Kuna Lincoln University ya Pennsylvania, alikosoma Kwame Nkrumah. Kuna nyingine Missouri, iliyoanzishwa mwaka 1866 na askari weusi waliotoka vitani. Kuna Lincoln College iliyo Oxford, Uingereza, ya tangu 1427, ambayo haina undugu wowote na rais huyo, kwani jina lake linatokana na mji wa Kiingereza. Jina tukufu likitumiwa na wengi hupoteza kazi yake ya kwanza, yaani kumtofautisha huyu na yule. Na aliyefungiwa chuo ndiye anayeumia zaidi, maana hana tena ofisi ya kupigia simu ili imtetee.

Wamarekani hao hao wana majina ya vyuo yanayomchekesha mgeni. Miami University haiko Florida. Iko Ohio, nayo ilianzishwa mwaka 1809, kabla Florida haijawa sehemu ya Marekani na kabla mji wa Miami haujawapo. Jina lilitoka kwa watu wa asili wa eneo hilo, Wamiami. Indiana University of Pennsylvania haiko jimbo la Indiana, bali imo katika mji uitwao Indiana. Kentucky kuna Transylvania University, ya tangu 1780, ambayo haihusiani na hadithi za wanyonya damu: kwa Kilatini ni “ng'ambo ya msitu”. Kuna hata chuo kikuu kiitwacho Slippery Rock, yaani Mwamba Utelezao. Tunacheka, lakini ukilichimba kila jina utakuta watu, mto, msitu au mwamba. Kinachoonekana kioja kwa mbali, kwa karibu ni historia. Na jina la namna hiyo halichanganywi na jingine. Aliyesoma Mwamba Utelezao hataulizwa ni mwamba upi.

Mzani huo huo ndio ninaotaka tuulete nyumbani, nasi tuna bahati ya kuanzia katika neno lenyewe. Kwa wazee wetu wa pwani, chuo kilikuwa kitabu. Ndiyo sababu msomi wa dini tunamwita mwanachuoni, na mtoto anayejifunza Kurani akawa anakwenda chuoni. Neno lilihama kutoka kitabu likaenda mahali kisomwapo. Lugha iliyotupa neno lenye kina kama hicho haikosi majina ya kuweka mbele yake.

Na pale tulipoitumia, imetutendea haki. Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam kinafundisha mambo ya ardhi, majenzi na mipango miji, na neno moja limebeba yote. Hata Kiingereza kimelazimika kulichukua lilivyo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kwa Kiingereza kimeitwa “wazi”. Kiswahili kikasema huria, na mtu akahisi minyororo imekatika. Moshi kuna Mwenge. Arusha kuna Tumaini Makumira, neno la imani limefungamanishwa na jina la mahali. Nairobi kuna Tangaza, na Kisumu kuna Uzima. Haya ni majina ambayo bibi kijijini huyatamka bila kuumauma ulimi, na akayaelewa.

Upande wa pili tumejenga msitu wa vifupisho. Katika miaka niliyofundisha sekondari, vijana wa kidato cha sita waliniletea orodha za vyuo zilizojaa herufi kubwa tupu, wakiniuliza kipi ni kipi. Nyingine zimejiundia maana ambazo hazikukusudiwa: SUZA ya Zanzibar inamwita mwanafunzi asuze vyombo, na SAUT ya Mwanza ni sauti iliyokatwa herufi ya mwisho. Vyuo hivyo vina heshima yake, na utani huu hauipunguzi. Lakini kifupisho ni jina lililofungwa kwa kufuli, na ufunguo wake ni Kiingereza.

Tazama pia yaliyotokea mwaka 2005, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanzisha vyuo vishiriki viwili vya elimu. Cha Iringa kilihifadhi jina la Mkwawa, na hadi leo mtawala wa Wahehe yumo katika jina la chuo cha kila mwalimu anayetoka pale. Cha Dar es Salaam kilikuwa Chuo cha Ualimu Chang'ombe. Jina Chang'ombe likaondolewa katika jina rasmi, likawekwa la jiji zima. Ardhi ni ile ile na kazi ni ile ile ya kulea walimu, lakini vizazi vya walimu wenye cheti cha Chang'ombe wanashika jina ambalo chuo hakilijibu tena. Chuo chaweza kuwa hai na jina lake likafa.

Kinyume chake nacho kimetokea. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kiliishi kuanzia 1963 hadi 1970, kisha kikagawanyika kuwa vyuo vikuu vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Waliotunukiwa shahada katika miaka hiyo saba wana jina la chuo kisichokuwapo, lakini cheti chao hakina uyatima, kwa kuwa warithi watatu wanajulikana na wanaitika wakiitwa.

Najua nitaambiwa kwamba jina halilipi mishahara. Kweli, jina la Lincoln halikukiokoa chuo chake. Vyuo vidogo vya binafsi hutegemea ada, na idadi ya wanafunzi ikishuka miaka miwili mfululizo, hakuna tashbihi itakayoziba pengo hilo. Hoja yangu ni nyembamba kuliko hiyo: kwa kuwa chuo chaweza kufa, jina lipewe nguvu ya kuishi bila chuo.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, tume zinazosajili vyuo vikuu Tanzania na Kenya zisikubali jina kabla ya kuuliza linatofautishwaje na mengine na lina maana gani kwa Kiswahili. BAKITA na BAKIZA wapo na wanaweza kushauri. “Kimataifa” si jina, ni matumaini ya mwenye mtaji. Pili, chuo kinapofungwa au kubadilishwa jina, iwepo sajili ya wazi inayotaja jina la zamani, miaka liliyotumika, na ofisi inayotunza kumbukumbu za wahitimu. Kitabu kilichofungwa bado husomeka, mradi yupo anayejua kiliko.

Nanyi malenga msijione mko nje ya shauri hili. Majina ni kazi yenu kabla hayajawa kazi ya wanasheria. Naanza kwa ubeti mmoja:

Jina si pambo la lango, la kuvutia wapita,
Huanguka hata jengo, paa na nguzo na kuta,
Jina likiwa uongo, wenye vyeti watajuta,
Tuchimbe kwenye udongo, jina jema tutapata.

Anayeweza na aujibu, au aupinge, kwa bahari aipendayo. Na aliyesoma katika chuo ambacho jina lake limefutwa, alitaje hapa ili lisomwe angalau mara moja zaidi.