Swali la ukungu lina haki ya kujibiwa

Nikitaja Aflasafe kwenye mikutano, swali ni lile lile: "Bwana shamba, ukungu ndio uliotuua, leo unasema tununue ukungu tukamwage shambani?" Wapo maafisa ugani wenzangu wanaouita huo ubishi. Mimi nasema ni swali la haki. Mwaka 2016 sumukuvu ilipoingia Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 wakafariki. Aliyezika ndugu humwambii "tumia tu."

Jibu liko kwenye vinasaba. Ukungu uitwao Aspergillus flavus una aina nyingi. Zipo zenye vinasaba vya kutengeneza sumu, na zipo ambazo vinasaba hivyo vimepotea au vina kasoro ya asili, kwa hiyo sumu hazitoi. Aflasafe TZ01 ina aina 4 zisizotoa sumu, zilizopatikana hapa hapa Tanzania. Hazikubadilishwa vinasaba, zilichaguliwa kwa kupimwa. Zikitangulia shambani, zinaiziba nafasi ile yenye sumu.

Wala si Dodoma tu. Wajapani huchachusha soya kwa bakteria aitwaye Bacillus subtilis wakapata chakula kinachoitwa natto. Bakteria huyo ana jamaa yake, Bacillus cereus, anayetapisha na kuharisha. Kwa macho huwezi kumwamini yeyote, ndiyo maana wataalamu hukagua vinasaba: je, vya sumu vimo? Je, vipo vya usugu wa dawa, vinavyoweza kuhamia kwa bakteria wengine?

Sasa msimamo wangu: majibu haya yasibaki kwenye mafaili. Yaandikwe kwa Kiswahili kwenye mfuko, na sisi maafisa ugani tuyaeleze kabla ya kuhimiza watu kununua. Na wewe mkulima, ukiuziwa chachu au bakteria wowote, uliza: ni aina gani? Imesajiliwa? Muuzaji akibabaika, rudi na hela yako.

Aflasafe yenyewe ni kilo 4 kwa ekari, wiki 2 hadi 3 kabla mahindi hayajatoa maua, udongo ukiwa na unyevu. Lakini haikuondolei kazi ya kuvuna kwa wakati na kuanika kwenye turubai. Mahindi yaliyowekwa ghalani mabichi yataota ukungu tu.